Baada ya Pampu Kuzimwa

Muulize fundi kama chila aliyoifungua imekauka ndani. Akikujibu, "Nimeivuta saa sita," amekupa habari za pampu yake. Ya chila hajayagusa. Pampu inaweza kunguruma usiku kucha na mashine ikabaki na maji tumboni, na mashine nyingine yenye ukubwa uleule ikawa tayari kabla ya adhuhuri. Nimeandika sura hii kutetea jambo moja ambalo hata mafundi hodari wa viyoyozi hulipuuza wanapobanwa na muda: kipimo cha ombwe huanza pale pampu inapozimwa. Yanayotangulia ni maandalizi, na yana jasho lake, lakini ushahidi hupatikana katika zile dakika ambazo mpita njia akichungulia chumba cha mashine humwona fundi ameketi tu, macho kwenye geji.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Chila ya hoteli, hospitali au jengo la ofisi haipulizi hewa baridi kama kiyoyozi cha ukutani. Inapoza maji hadi nyuzi 6 au 7 za Selsiasi, pampu zinayasambaza ghorofani, nayo yanarudi yakiwa na nyuzi 12 hivi baada ya kubeba joto la vyumba. Ndani ya mashine gesi inazunguka bila kukoma: kompresa inaibana, kondensa inaigeuza kimiminika, vali ya upanuzi inaishushia mgandamizo, na katika evaporeta inachemka huku ikinyonya joto la maji ya jengo. Katika chila kubwa zinazopozwa kwa maji, kondensa na evaporeta ni mapipa marefu ya chuma yaliyolala, kila moja limejaa mamia ya mabomba membamba ya shaba. Maji hupita ndani ya mabomba, gesi hukaa nje yake. Kinachotenganisha viwili hivyo ni ukuta wa shaba ambao mara nyingi haufiki unene wa milimita moja. Msomaji auweke akilini ukuta huo, maana tutaurudia.

Siku ya matengenezo gesi yote huvutwa na kuhifadhiwa kwenye mitungi, kisha mashine inafunguliwa. Pengine ni gasketi iliyochakaa, pengine filta ya kukaushia, pengine kompresa nzima inashushwa. Sababu yoyote iwayo, mara tu bolti ya kwanza inapolegea, hewa inaingia, na hewa haiji peke yake. Katika pwani yetu, kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kila mita moja ya ujazo ya hewa imebeba zaidi ya gramu 20 za maji. Pipa la evaporeta lililoachwa wazi tangu asubuhi hadi jioni Dar es Salaam au Mombasa linakunywa hewa hiyo, na maji yake yanatua juu ya shaba, ndani ya mafuta, na katika kila kona ambayo kitambaa hakifiki.

Hewa yenyewe ni adui anayeonekana upesi. Haigeuki kimiminika kwenye joto la kondensa, kwa hiyo inajikusanya humo, inakula nafasi ya gesi na kupandisha mgandamizo. Kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, bili ya umeme inapanda, na fundi mwenye geji anaigundua.

Maji hayana haraka. Chila nyingi za R-134a hutumia mafuta ya aina ya poliyolesta, ambayo hupenda maji kupita kiasi. Ukiacha kopo lake wazi mezani linaanza kunyonya unyevu wa chumba papo hapo. Mafuta hayo yakikutana na maji katika joto la kompresa huvunjika na kutoa asidi. Asidi hula shaba mahali pamoja na kuibandika mahali pengine, mara nyingi kwenye beringi na sehemu za chuma zinazozunguka kwa karibu sana. Inashambulia pia vanishi inayofunika nyaya za mota, kwa kuwa katika kompresa zilizozibwa mota inakaa ndani ya gesi na mafuta hayohayo. Miezi inapita. Siku moja mota inaungua, na watu wote chumbani wanaulaumu umeme, kumbe chanzo ni mchana mmoja wa matengenezo uliokwisha kusahaulika.

Maji haya hayafutiki kwa kitambaa wala hayasukumwi nje kwa kupuliza. Njia ya uhakika ni kuyachemsha yalipo, kisha kuuvuta mvuke wake nje. Kuyachemsha kwa moto hakuwezekani, kwa sababu chuma chote kile kingelazimika kufika nyuzi 100. Hapo ndipo ombwe linapoingia kazini.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale tu hewa inapoyakandamiza kwa uzito wake wote, kama ilivyo ufukweni. Panda Kilimanjaro hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, na sufuria itachemka kwenye nyuzi 80 hivi, kwa kuwa nusu ya hewa umeiacha chini. Endelea kuipunguza hewa na joto la kuchemka litaendelea kushuka. Mwaka 1644, Mwitaliano Evangelista Torricelli alieleza katika barua jinsi hewa ilivyoweza kushikilia safu ya zebaki ndani ya bomba la kioo, naye alikuwa ameelewa kwamba binadamu tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa yenye uzito. Safu hiyo, usawa wa bahari, ni milimita 760, na hadi leo fundi wa chila anahesabu kwa zebaki ya Torricelli, ila amekigawa kipimo kiwe kidogo zaidi: elfu moja ya milimita, yaani mikroni. Hewa ya ufukweni ina mikroni 760,000. Maji ya nyuzi 30 huanza kuchemka mgandamizo ukishuka hadi karibu mikroni 32,000. Ya nyuzi 25, karibu 24,000. Ya nyuzi 10, karibu 9,200. Ukifika 4,600 hivi, hata maji ya nyuzi sifuri yanachemka, yakiwa mlangoni mwa kuwa barafu.

Inafaa kukumbuka kwamba moja ya majaribio ya mwanzo ya kutengeneza baridi kwa mikono ya watu lilitumia ombwe. Katikati ya karne ya 18, huko Scotland, daktari William Cullen aliiondoa hewa kwa pampu juu ya chombo chenye etha. Etha ikachemka, ikanyonya joto la vilivyoizunguka, na maji yaliyokuwa karibu yakaganda. Chila ya leo ni jaribio hilohilo likirudiwa bila kukoma.

Lengo ambalo mafundi wengi huliendea ni mikroni 500, ingawa kitabu cha mtengenezaji wa mashine ndicho chenye kauli ya mwisho. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya 1,500 ya hewa tunayovuta. Sasa tazama geji ya kawaida ya bluu ambayo kila fundi anayo. Upande wake wa ombwe umegawanywa kwa inchi za zebaki, kuanzia sifuri hadi 30. Mikroni 25,000 ni kama inchi moja tu. Maana yake ni kwamba kazi yote ya kukausha, kuanzia maji yanapoanza kuchemka hadi mashine inapokuwa kavu, inafanyika ndani ya inchi moja ya mwisho, ambako mshale unaonekana umelala na hausogei. Fundi anayetegemea geji hiyo anaona mwanzo wa safari, mwisho wake haumfikii machoni. Anayefanya kazi Nairobi ana tatizo la ziada: kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yote iliyopo ni inchi 24 na kitu, kwa hiyo mshale hautafika 30 hata pampu ikivuta hadi kesho kutwa. Nimewaona watu wakitafuta tundu ambalo halipo kwa sababu hiyo. Geji ya mikroni inahesabu kuanzia utupu kamili kwenda juu, kwa hiyo Nairobi, Kigali na Tanga inasema lugha moja. Asiyekuwa nayo asijidanganye kwamba anapima ombwe.

Kabla ya pampu kuwashwa, kuna mtihani mwingine unaopaswa kutangulia, na wengi huuruka wakidhani ombwe litauchukulia nafasi. Mashine hujazwa nitrojeni kavu hadi mgandamizo ulioandikwa kwenye kibati chake, kila kiungo kinapakwa povu la sabuni, kisha mashine inaachwa ikae. Sababu yake ni hesabu rahisi. Ombwe, hata liwe kamili namna gani, linaweka tofauti ya angahewa moja tu kati ya ndani na nje. R-134a ikiwa ndani ya kondensa kwa nyuzi 40 inasukuma nje kwa zaidi ya bar 9. Tundu linalovuja kwa bar 9 linaweza kunyamaza kabisa linapovutwa na bar moja. Tena baadhi ya sili na oringi hukaza zinapovutwa kwa ndani na kulegea zinaposukumwa kwa nje. Nitrojeni inatafuta tundu, ombwe linatafuta maji. Ombwe litalifichua tundu kubwa, naam, lakini fundi asilitwike kazi yote.

Katika kipimo cha nitrojeni joto la chumba liandikwe pamoja na mgandamizo. Mashine iliyojazwa hadi bar 10 jioni kwa nyuzi 33 itasoma karibu bar 9.7 alfajiri kwa nyuzi 25, bila kuvuja hata chembe. Asiyejua hili atafungua viungo vilivyo salama. Na mtungi uwe wa nitrojeni, wenye kidhibiti mgandamizo chake. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo hulipuka. Watu wamekufa hivyo. Anayesema "lakini mtungi wa oksijeni upo karibu, ule wa kuchomelea" afukuzwe chumbani.

Nitrojeni ikishatolewa, pampu inaunganishwa, na hapa vitu vidogo vinaamua kama kazi itachukua saa tatu au siku mbili. Hosi nyembamba za robo inchi zimetengenezwa kwa kujazia gesi inayosukuma. Kwenye ombwe la kina hakuna kinachosukuma. Molekuli zimebaki chache, zinagonga kuta za hosi na kutangatanga hadi zilifikie tundu la pampu kwa bahati. Katika hali hiyo hosi yenye kipenyo mara mbili hupitisha mara nane zaidi kwa urefu uleule. Pampu kubwa ya bei ghali iliyofungwa kwenye hosi nyembamba ya mita tatu inashindwa na pampu ndogo yenye hosi nene na fupi. Ile pini iliyo ndani ya vali ya kujazia nayo itolewe kwa kifaa chake, maana inaziba karibu njia yote. Geji ya mikroni iwekwe kwenye mashine, upande ulio mbali na pampu. Ikiwekwa mdomoni mwa pampu itasoma afya ya pampu.

Halafu mafuta ya pampu. Mvuke wote unaotoka kwenye chila unapita humo, na sehemu yake inabaki. Mafuta yakigeuka meupe kama tui, pampu haiwezi tena kushuka chini, kwa sababu yenyewe sasa imekuwa chanzo cha mvuke. Kwenye mashine yenye maji, mafuta hubadilishwa mara kadhaa katika kazi moja. Kabla ya kuiunganisha, ifunge mdomo na uipime peke yake. Pampu ambayo haiwezi kushuka chini ya mikroni 100 ikiwa haina mzigo wowote haitakufikisha 500 ikiwa na chila nzima.

Sasa inavuta. Mwanzoni namba zinaanguka kwa kasi, maana ni hewa tu inayotoka, kisha zinagota. Maji yameanza kuchemka, na kila mvuke unaovutwa mwingine unazaliwa. Hapa watu hukata tamaa, kwa hiyo nieleze ukubwa wa kazi inayofanyika. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 25 na mikroni 24,000 inajaza lita 43. Gramu hiyohiyo, ikiwa ndiyo iliyobaki tumboni pampu inapokaribia mikroni 500, inajaza lita 2,000. Kijiko cha chai cha maji, gramu tano, kingekuwa lita 10,000 za mvuke, na zote zipite katika hosi moja. Ndiyo maana pampu inanguruma na namba haisogei. Ndiyo maana pia maji mengi yatolewe yanapochemka juu, mgandamizo ukiwa bado mkubwa, kuliko kukimbilia chini.

Mwenye pampu kubwa ana hatari nyingine. Akivuta haraka mno, dimbwi lililojificha chini ya pipa linachemka kwa nguvu, linajipoza lenyewe, na likifika mikroni 4,600 hivi linaganda. Barafu hutoa mvuke taratibu sana. Geji inaweza kuonyesha namba nzuri huku barafu ikiwa imelala chini. Tiba yake ni kuvunja ombwe kwa nitrojeni kavu, kuiacha ikae ipashe joto na kubeba unyevu, kisha kuvuta tena. Mafundi hufanya hivyo mara mbili kabla ya mvuto wa mwisho. Kuzungusha maji vuguvugu ndani ya mabomba husaidia mno. Moto wa gesi kwenye pipa la evaporeta usisogezwe.

Hatimaye geji inasoma 500, pengine 400. Vali iliyo kati ya pampu na mashine inafungwa na pampu inazimwa. Kelele inakoma, na kwa kawaida meneja wa jengo ndipo anapotokea.

"Fundi, naona umemaliza. Tuwashe?"

"Bado, bosi. Ndiyo kwanza naanza kupima."

"Unapima nini na mashine imezimwa?"

"Naangalia inavyopanda."

Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia kwenye vyumba vingi vya mashine, na namwelewa meneja. Wageni wanalalamika vyumbani, mwenye mali anapiga simu, na mtu aliyemlipa kwa kazi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Lakini kukaa huko ndiko kunakojibu swali. Pampu ikiwa inavuta, tundu na maji vinaweza kujificha nyuma ya nguvu yake. Mgandamizo unashushwa kwa kasi kuliko unavyopandishwa. Ikizimwa, mashine inaachiwa iseme yenyewe.

Inasema kwa namna ya mpando wake. Namba ikiruka mikroni mia chache, ikatulia chini ya 1,000 na kubaki hapo, hiyo ni gesi iliyokuwa imeyeyuka kwenye mafuta, na mgandamizo wa pembe mbalimbali unaojisawazisha. Mashine ni kavu. Ikipanda, ikapunguza mwendo, ikatulia kwenye elfu mbili au tano, kuna unyevu, rudisha pampu. Ikipanda kwa mwendo uleule bila kupunguza, dakika kwa dakika, kuna tundu. Na kuna mpaka unaomaliza ubishi: maji hayawezi kuusukuma mgandamizo kupita ule wa mvuke wake kwa joto lililopo. Kama mashine ina nyuzi 25 na geji imevuka 24,000 ikiendelea kupanda, yanayoingia ni hewa, na hakuna haja ya kuendelea kukausha.

Dakika kumi hazitoshi kuliona umbo la mpando kwenye mashine kubwa. Mimi nahesabu nusu saa kuwa kidogo, na kwa chila yenye mapipa makubwa naipa usiku, huku namba, saa na joto la chumba vikiandikwa kila mara. Jua likilipiga pipa lililo juu ya paa, namba itapanda bila kosa la mtu. Bila joto kuandikwa, hakuna atakayejua.

Kuna umbo la nne, na hilo ndilo linalonifanya nikipende kipimo hiki. Mashine inapanda na kutulia, kama yenye unyevu. Unavunja kwa nitrojeni, unabadilisha mafuta ya pampu, unavuta tena. Inapanda na kutulia palepale. Mara ya tatu, palepale. Mafundi wawili wanaweza kukaa siku nzima wakikausha kisichokauka, kwa sababu maji yanaingia upya kila wakati. Kumbuka ule ukuta wa shaba. Bomba moja kati ya mamia lina ufa mdogo, mabomba yamejaa maji ya jengo, na ombwe linayanyonya tone baada ya tone. Ufa wa namna hii huleta madhara hata mashine ikiwa kazini. Evaporeta ya R-134a kwenye nyuzi 4 ina mgandamizo wa bar 2.4 tu kwenye geji, na katika jengo la ghorofa 12 lenye chila chini, uzito wa maji peke yake unazidi hapo. Mwenye jengo aliyeambiwa kila mwaka kwamba mafuta yake yana asidi, akauziwa filta mpya kila mwaka, pengine ana bomba moja lililopasuka.

Namna ya kuthibitisha ni kumwaga maji kutoka upande mmoja, evaporeta au kondensa, kisha kuvuta na kupima tena. Kama ufa uko upande huo, sasa hewa itapita pale maji yalipokuwa yakipita, na ule mpando uliokuwa ukitulia utageuka mstari unaonyooka kwenda juu. Kinachofuata ni kupima bomba moja moja hadi lenye ufa lipatikane na kuzibwa ncha zote mbili. Chila haidhuriki kwa kupoteza bomba moja katika mia tatu.

Chila nyingine huishi na ombwe maisha yao yote. Mwaka 1922, Mmarekani Willis Carrier aliionyesha chila yake ya kwanza yenye kompresa ya kuzunguka kwa kasi, na wazao wengi wa mashine hiyo walitumia gesi ambazo zikiwa ndani ya evaporeta zina mgandamizo ulio chini ya ule wa hewa ya nje. Mashine kama hizo zikiwa na tundu hazipotezi gesi kwanza. Zinavuta hewa na unyevu mchana na usiku, na hufungwa kifaa maalumu cha kuitoa hewa hiyo. Kwazo, kipimo cha mpando ndicho kinachofanana kabisa na hali ya kazi.

Kuna onyo moja ambalo natamani libandikwe kwenye kila paneli ya umeme kabla pampu haijaletwa. Mashine ikiwa ndani ya ombwe, mota isipewe umeme, wala fundi umeme asipige mega, kile kipima insuleta, kwenye nyaya zake "kwa kuwa tumeshafungua, acha nipime tu." Mwaka 1889, Mjerumani Friedrich Paschen alipima jinsi hewa inavyozuia cheche kulingana na mgandamizo. Hewa ya kawaida inahitaji volti 3,000 hivi kwa kila milimita. Ukiipunguza, uwezo wake wa kuzuia unaporomoka, na kwa nafasi ya sentimita moja kiwango cha chini kabisa kinafikiwa karibu na mikroni 570, ambako volti 330 zinatosha kurusha cheche. Hapo ndipo hasa tunapolenga. Umeme wa viwandani wa volti 400 unafika kilele cha zaidi ya 560 katika kila wimbi, na mega hutoa 500 au 1,000. Mota iliyokuwa nzima inaweza kutobolewa insuleta yake kwa kubonyeza kitufe kimoja. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayevuta ombwe.

Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kuuongezea Mkataba wa Montreal wa 1987 makubaliano ya kupunguza gesi za kundi la R-134a, ambazo haziharibu ozoni lakini zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R-134a inahesabiwa kuwa na athari ya kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi katika miaka mia. Chila yenye kilo 300 ikiimwaga yote kupitia gasketi iliyobanwa kwa haraka, ni sawa na tani 429. Nchi zetu nyingi zilipewa mwaka 2024 wa kusitisha ongezeko, na 2045 wa kuwa zimepunguza asilimia 80. Gesi itapungua sokoni na bei itapanda. Kujazia kila mwaka mashine inayovuja hakutakuwa tena njia rahisi ya kumridhisha meneja. Naiona hii kuwa heri kwa kazi yetu, kwa sababu inampa fundi mwangalifu hoja ya fedha ya kumwekea mezani anayemharakisha.

Mpando umetulia, namba zimeandikwa kwenye daftari la chumba cha mashine: mikroni ngapi pampu ilipozimwa, ngapi baada ya nusu saa, ngapi asubuhi, joto la chumba kila mara. Sasa gesi inarudi, na hapa pana mtego wa mwisho. R-134a ya kimiminika ikimiminwa kwenye ombwe inachemka kwa ukali. Hata kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri, na maji yaliyotuama ndani ya mabomba yataganda na kuyapasua. Pampu za maji za pande zote mbili ziwashwe kwanza na mtiririko uhakikishwe. Mtungi usimamishwe juu ya mizani na gesi iingie kama mvuke hadi geji ipite bar 2, ambako joto la kuchemka limevuka sifuri. Baada ya hapo kimiminika kinaweza kuingizwa, hadi uzito ulioandikwa kwenye kibati utimie, na ndipo ufunguo wa swichi kuu unapotoka mfukoni.